Bwana Paa Aliyeona Haya

Jamaa, asubuhi ile mji wetu wa Siyu ulikuwa umetulia. Huwaida alikuwa akikaanga mahamri, na mumewe Famau ameketi kizingitini akishona sikio la kichwa cha paa, kichwa kikubwa cha kitambaa alichokivaa kila wiki. Shirika moja la kuhifadhi wanyama lilimpa kazi ya kujifanya paa. Alizunguka madarasani akicheza na kuwaambia watoto wasiwinde wala wasichome vichaka. Siyu nzima ilimwita Bwana Paa.

Lakini alikuwa amechoka, jamani. Jua la Machi ndani ya vazi lile lilimkausha, na akirudi nyumbani hakuwa na nguvu ya kushika panga. Shamba lake lilijaa magugu na mvua ilikuwa karibu.

"Nitalitia moto konde lile," alimwambia Huwaida.

"Basi pita kwa majirani uwambie."

Huo ndio utaratibu wetu. Mtu hachomi shamba peke yake. Huwaarifu majirani siku moja kabla, nao huja na matawi mabichi na madumu ya maji, wakausimamia moto hadi ufe.

"Niwambie nini? Bwana Paa ataka kusaidiwa kutia moto?"

"Waona haya kwa nani, Famau? Watu wote hawa wakujua."

Famau alikata uzi kwa meno. Alingoja swala ya Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, akaenda shambani na kiberiti chake. Fikirieni: mtu mzima anaikosa Ijumaa ili asionekane!

Upepo ulibadilika. Moto ukaruka mpaka wa shamba, ukaingia kwa Bi Umulkheir, mjane aliyelea wajukuu wake kwa mikorosho ya shamba lile. Famau alipiga mayowe, lakini nani amsikie? Alikimbia nyumbani, akalinyakua vazi la paa, akalichovya pipani, akarudi kuupiga moto nalo. Wanaume walipofika, mikorosho ilikuwa imekwisha. Chini ya mmoja walimkuta paa wa kweli, ameungua na mtoto wake.

Bi Umulkheir hakulia. Alimtazama Famau mikono yake iliyobabuka, akasema, "Mbona hukutwambia, mwanangu? Tungalikuya sote."

Swali hilo lilimuuma kuliko malengelenge.

Nkatha, ofisa wa shirika, alikuja kutoka Mokowe kulichukua vazi. Famau alimwomba kwanza waende pamoja shuleni mara moja ya mwisho. Alisimama mbele ya watoto, kile kichwa kilichoungua kwapani, akawaeleza kila kitu. Hakuna aliyepiga makofi. Mjukuu wa Bi Umulkheir, Radhiya, alinyoosha mkono.

"Bwana Famau," akasema, "sasa nyanya atauza nini?"

 Tangu siku hiyo Famau hulima shamba la Bi Umulkheir kwanza, kisha lake, na miche ya mikorosho aliyompandia bado haijafika magotini.

FUNZO

Ukiwa na sifa njema, usiitunze kwa kujificha. Famau angeona haya kwa asubuhi moja tu, akasaidiwa, yakaisha. Moto ukishawashwa haujali nani ameuwasha. Waite watu kwanza. Nasi tuliomshangilia tuna letu la kujibu: tuliyaona magugu yake kila siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kama amechoka.