Bibi wa Kibondo

Siku ya gulio, soko la Kasulu halisikilizani. Aksanti, kitenge cha manjano kimemkaa kiunoni, alikuwa akifunga karanga kwa kurasa za gazeti kuukuu. Mteja mmoja akazimimina karanga mfukoni, akabaki anakodolea macho karatasi.

"Dada, hii umeitoa wapi?"

"Kwani iko na sumu?"

"Tazama!" Pichani, chombo cheupe chenye mabawa kilikuwa kikishuka kutoka anga za juu, magurudumu nje. "Walikichora kabla hakijaundwa. Kinakwenda, kinarudi, kinakwenda tena."

"Kinakwenda wapi?"

Hapo ndipo ukurasa ulipokatwa. Ulibaki ukingo wa nyumba ya duara inayoelea, na dirishani mtu anamwagilia mchicha. Nusu nyingine Aksanti alishaiuza na karanga.

Mteja huyo, Felisiani, alikuwa fundi redio. Kila Aksanti alipopata kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, walibishana: huko juu maji hayamwagiki? Wanapikia nini? Kubishana kukazaa mapenzi, na binti wa watu akapenda kwelikweli.

Asubuhi moja Felisiani akapiga simu. "Mpenzi, magazeti kama yale yako tele Kibondo. Nayafuata leo."

"Kibondo kwa nani?"

"Kwa bibi. Ananisubiri kwa hamu."

Aksanti akakata simu. Kwao Kongo, bibi ni mke. Alilia mpaka macho yakavimba, na Felisiani alipopiga hakupokea. Kesho yake hamu ya kumjua huyo mwanamke ikamshinda, akapiga. Ikapokea sauti ya kike.

"Weye iko bibi ya Felisiani?"

"Ndimi."

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe! Mama yake nimemzaa mimi. Wewe ndiye wa karanga? Mwenzio ametandaza magazeti nyumba nzima, hali, hanywi. Nimemwambia aoe kwanza, ya angani baadaye."

Aksanti alicheka hadi akakaa chini. Felisiani akanyakua simu.

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Kiswahili chenu! Kwetu bibi ni mke!"

"Mama wee! Sikiliza, picha nzima nimeipata. Ile nyumba inazunguka, ndiyo maana maji yanatulia. Aksanti, Jumapili nije na bibi kwa baba yako? Nataka kukuo..."

"Ndiyo," alisema Aksanti kabla Felisiani hajamaliza. "Njooni. Papa atakuwepo."