Jino la Maalim Abilahi

Kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Maalim Abilahi alimsomea mama yake sura ya Yasini. Walikaa barazani nyumbani kwao, kijijini Pande. Mama yake aliitwa Binti Mfaume. Alikuwa mtu mzima sana na macho yake hayakuona tena. Hakujifunza kusoma, lakini sura ile aliijua kwa kuisikia. Abilahi aliposoma, yeye alitikisa kichwa taratibu. Alipomaliza, mama alisema, "Mungu akuweke, mwanangu. Umenikata kiu."

Abilahi alifundisha madrasa. Alilima ufuta pia. Wakati wa mavuno alishona magunia kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Akifika mwisho wa mshono hakutafuta kisu. Aliuma uzi kwa meno ya mbele, akavuta, ukakatika.

"Kisu hiki hapa, Baba Zuhura," mkewe Somoe alimwambia.

"Meno yangu yanatosha," alijibu.

Yalitosha kweli, mpaka siku aliyotumia uzi wa nailoni. Alivuta, uzi ukakataa. Alivuta tena, na jino la mbele la juu likalia, ka. Kipande kidogo kikabaki ulimini. Damu haikutoka. Jino halikumuuma sana, ila akinywa maji ya baridi.

Muuguzi wa zahanati alilitazama. "Maalim, jino lina ufa. Nenda Lindi kwa daktari wa meno. Jino kama hili huvishwa kofia, likaendelea na kazi. Ukichelewa utalikosa."

"Nitakwenda tukishauza ufuta," alisema Abilahi.

Ufuta ukauzwa. Zikaja mbaazi. Mbaazi zikauzwa, ukaingia Ramadhani. Maalim wetu hakuwa mvivu, alikuwa mtu wa kesho tu. Maumivu yakija, alisukutua maji ya chumvi na kubana karafuu kwenye jino. Karafuu ilituliza maumivu. Ufa haikuuziba. Ufizi ulivimba, ukatoa usaha. Alipofika kwa daktari, mzizi wenyewe ulikuwa umepasuka. Jino likang'olewa.

Alipewa jino la bandia la kuvaa na kuvua. Lilimkaa vizuri. Lakini kila akitawadha alilivua, akaliweka ukingoni mwa birika la msikiti. Aliamini kwamba jino la bandia linazuia maji, na kwamba udhu wake hautatimia. Hakuna aliyemwambia hivyo. Aliwaza mwenyewe, akajijibu mwenyewe.

Ijumaa moja watu walikuwa wengi, wakasongamana kwenye birika. Abilahi alipomaliza kutawadha alipapasa ukingoni. Jino halikuwepo. Wanaume wazima walikunja kanzu zao wakalitafuta sakafuni na kwenye mfereji. Hawakuliona. Usicheke, msomaji, maana yeye hakucheka.

Kuanzia siku hiyo usomaji wake uliharibika. Herufi kama thaa na dhali zinataka ncha ya ulimi iguse meno ya juu ya mbele. Kwake ulimi uguse nini, penye pengo? Na sini ilipiga mluzi. Watoto wa madrasa walijificha nyuma ya juzuu zao wakicheka. Abilahi aliona aibu. Darasa akamwachia mwalimu mwenzake.

Alhamisi ilipofika, mama alikaa barazani akamngoja.

"Leo nina kazi, Mama," alisema Abilahi.

Alhamisi ya pili alisema ukweli. "Mama, herufi hazitoki sawasawa. Sitaki kusoma maneno ya Mungu vibaya."

"Mimi nataka kukusikia tu, mwanangu."

"Nitatengeneza jino kwanza. Kisha nitakusomea kila siku ukitaka."

Mama alingoja, na miaka ikapita.

Somoe alikuwa akimsikia mumewe akisema juu ya jino jipya, na hakuona akienda popote. Siku moja uvumilivu ulimwisha.

"Baba Zuhura, mama anazeeka. Macho yalishakwenda. Sasa masikio nayo yanakwenda. Namwita mara mbili, mara tatu, ndipo anaitika. Unangoja nini?"

"Lile la kuvua litapotea tena. Na la kufungwa moja kwa moja litaniharibia udhu."

"Nani kasema?"

Abilahi alichukua jembe akaenda shambani.

Mwezi huo alifika Pande daktari wa meno kutoka Lindi, jina lake Debora. Alikuja kupima meno ya wanafunzi wa shule. Somoe alimshika mumewe mkono mpaka kwenye darasa alimokuwa daktari.

"Shikamoo, maalim," alisema Debora.

"Marahaba, daktari. Nimeletwa."

"Umefanya vizuri kukubali kuletwa. Fungua mdomo." Akatazama kwa taa yake ndogo. "Pengo ni la jino moja. Meno ya pande zote mbili ni mazima, na ufizi ni mzuri. Unaweza kuwekewa daraja."

"Daraja la namna gani?"

"Fikiria mto na kingo zake mbili. Pengo ndilo mto, na meno haya mawili ndiyo kingo. Ninayachonga kidogo pande zote. Kisha nachukua alama ya meno yako kwa dawa laini kama donge la unga. Fundi wa maabara anatengeneza meno matatu yaliyoshikana. Mawili ya pembeni yana uwazi ndani, yanavaliwa na meno yako kama kofia. La kati linaziba pengo. Daraja zima naligandisha kwa saruji ya meno. Hulivui tena."

Somoe alitaka kujua zaidi. "Kwa hiyo kofia ni ganda la kulivika jino?"

"Ndiyo. Ganda gumu lenye umbo la jino. Linashika jino lililopasuka au lililooza sehemu, lisiendelee kuvunjika. Lakini lazima jino lenyewe liwepo. Huwezi kulivika kofia jino ambalo halipo."

Daktari alimuuliza Abilahi jino lilivyopotea, akaelezwa habari ya ufa, na sauti yake ikapungua. "Maalim, lile la kwanza lilipopata ufa ungekuja, ningelivisha kofia hilo moja basi. Sasa nitachonga mazima mawili kwa sababu ya lililokufa. Jambo hili linanisikitisha kila mara."

Abilahi alitazama chini. Maneno hayo yalimchoma kuliko sindano ya ganzi.

"Na udhu, daktari?"

"Hilo si la kwangu. Una shehe wako. Umemuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Yeye ni mwalimu, watu humuuliza yeye. Aliona haya kwenda kuuliza jambo la udhu, tena la mdomo wake mwenyewe. Lakini jioni hiyo alikwenda kwa Shehe Yunusu, imamu wao, ambaye nyumba yake ilitazamana na yake.

"Kusukutua ni sunna katika udhu," Shehe Yunusu alimwambia. "Udhu wako ulitimia hata ulipokuwa na lile la kuvua. Hukulazimika kulivua. Na hili la kufungwa ni tiba. Likishawekwa, ni sehemu ya mdomo wako. Nani alikwambia vingine?"

"Hakuna, shehe. Niliwaza tu."

"Miaka yote hii? Na mimi nakaa hapa hapa?"

"Miaka yote hii," alisema Abilahi.

Shehe hakumcheka. Alimkaribisha kahawa.

Abilahi alikwenda Lindi. Aliuliza gharama kabla ya kazi kuanza, akajipanga. Debora alimpiga picha ya meno, akamtia ganzi, akayachonga yale mawili. Akamwekea meno ya muda wakati fundi anatengeneza daraja. Aliporudi safari ya pili, daraja lilikuwa tayari. Debora alilijaribu, akalisugua lilipozidi, kisha akaligandisha.

"Sikiliza, maalim. Piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala. Chini ya jino hili la kati chakula hujificha. Pitisha uzi huu maalumu uondoe. Meno yaliyo ndani ya kofia bado yanaweza kuoza usipoyasafisha. Usitafune mifupa kwa upande wa mbele, wala barafu. Na magunia?"

"Kisu," alisema Abilahi.

"Njoo nilikague kila baada ya miezi sita. Ukilitunza litakaa miaka mingi, ila si la milele."

Alirudi madrasa. Watoto walimsikiliza wakasahau kucheka. Baadaye shemeji yake Shaaban alipovunja gego kwa mfupa wa mbuzi, Abilahi hakumwacha apumue. Alimpeleka Lindi wiki hiyo hiyo. Mzizi ulikuwa mzima, gego likavishwa kofia, na Shaaban mpaka leo anatafunia jino lake mwenyewe. Abilahi alifurahi kwa ajili ya shemeji yake. Moyoni aliona wivu kidogo.

Alhamisi ya kwanza tangu apate daraja, alitawadha na kutandika mkeka barazani. Alimshika mama yake mkono, akamkalisha, akakaa mbele yake.

"Mama, nimekuja kukusomea."

Mama alitabasamu akamgeuzia uso. Abilahi akaanza. Thaa ilitoka mahali pake, na dhali mahali pake. Sini haikupiga mluzi. Somoe, aliyekuwa akipeta mchele uani, aliacha ungo akaja kusimama mlangoni. Hakuwahi kumsikia akisoma vizuri kiasi kile, hata walipokuwa vijana.

Alikuwa amefika katikati ya sura. Kichwa cha mama hakikutikisika.

"Abilahi," mama alisema, "soma basi, mwanangu. Nakungoja."

Somoe aliinamisha uso. Abilahi aliacha kusoma, akajuta majuto ambayo hakuna daktari wa kuyaondoa. Angeweza kuuliza siku ile ile alipopoteza jino. Angeweza kusoma na pengo lake, kwani mama hakudai herufi. Sasa herufi zilikuwa tayari, na aliyezingojea hakuzisikia.

Akasogea mpaka mdomo wake ukafika sikioni kwa mama. Akaanza upya, kutoka mwanzo, kwa sauti ya juu. Baada ya muda mama alimpapasa shavu.

"Nasikia sauti yako," alisema. "Maneno siyapati. Lakini sauti ni yako. Endelea tu."

Abilahi akaendelea, machozi yakimtoka, mpaka mwisho wa sura.