Dekio la Blanketi Dukani

Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, Nomalanga aling'arisha baraza ya nyumba yao. Mtaani kwao, huko Bulawayo, mwanamke hupimwa kwa baraza yake, na baraza ya mama yake, MaSibanda, haikuwahi kusemwa vibaya na mtu yeyote. Mama aliyeyusha mabaki ya mishumaa katika mafuta ya taa akapata nta laini. Nomalanga aliipaka sakafuni, kisha akaisugua kwa kipande cha blanketi kuukuu kilichofungwa kwenye mpini.

Alipenda kazi hiyo kwa sababu ilimruhusu kuota. Sakafu ilipoanza kung'aa, mawingu yalipita chini ya miguu yake, naye akasafiri nayo juu ya miji ambayo hakuijua hata kwa jina. Mara nyingi uji ulipoa akiwa bado huko.

Likizo ya Agosti ilipofika, aliomba kwenda na mama yake kazini. MaSibanda alikuwa amepewa usafi wa duka kubwa mjini, kwa majaribio tu. Meneja, Bwana Mafu, alimwambia kwamba Jumatano atatoa uamuzi: abaki, au kazi apewe mtu mwingine. Jumanne usiku mama hakula vizuri, na Nomalanga aliona.

Jumatano walifika duka likiwa bado limefungwa. Katika chumba cha vifaa, madekio yalining'inia ukutani.

"Sikiliza vizuri, mwanangu," mama alisema. "Lenye mpini mwekundu ni la chooni, halitumiki kwingine hata kwa dawa. La kijani ni la buchani. Hili la nyuzi nene ni la kufyonza maji yakimwagika, na la kusugulia uchafu sugu. Wewe chukua hili bapa la bluu, upige deki ukumbi wa mbele."

Nomalanga aliligeuza lile dekio bapa. Lilikuwa na kitambaa chembamba, kisicho na haiba yoyote.

"Mama, hili si la kufutia ubao wa shule?"

"Cheka tu. Vigae havinywi maji. Hili linabeba maji kidogo, sakafu inakauka upesi, mtu anapita bila wasiwasi. Usiweke kitu kingine chochote."

Mama akaenda buchani. Nomalanga akabaki na siri yake: ndani ya mfuko wa plastiki alikuwa amebeba kile kipande cha blanketi cha nyumbani, kimeshiba nta. Alitaka Bwana Mafu aingie apigwe na butwaa. Alilipitisha dekio la bluu haraka haraka, kisha akalifunga blanketi juu yake na kuanza kusugua.

Vigae vyeupe vikaamka. Taa za dari zikashuka chini, safu kwa safu, na Nomalanga akatembea kati yake taratibu, kana kwamba anga lote lilikuwa limelazwa pale ili apite juu yake. Alisahau baridi, akasahau hata kwamba yuko dukani.

"Hee!"

Baba Ngwenya, mlinzi wa duka, alikuwa ameteleza. Alining'inia kwenye kigari cha kubebea bidhaa, kofia imemziba macho.

"Binti, sakafu yako inanitaka nicheze ngoma asubuhi mapema hivi?" alisema akijikung'uta. "Mimi ningali na magoti. Hao wa nje sijui."

Nomalanga akatazama kwenye mlango wa vioo. Jumatano ilikuwa siku ya wazee kuingia kwanza. Walikuwa wamejipanga tayari, wamejifunika mablanketi mabegani, wengine na fimbo. Bibi mmoja mwembamba alikuwa ameegemea kioo ili apumzike.

Alifungua blanketi upesi akalificha mfukoni. Nta ile haikuonekana, na nani angejua? Mtu akianguka watasema ni uzee. Na kama angesema, mlango ungechelewa, na mama angekosa kazi kwa sababu yake. Alisimama pale akitamani mawingu yake yamchukue, lakini yule bibi wa kiooni akamwona na kumpungia mkono.

Alikimbilia buchani.

"Mama, nimepaka nta mbele. Nimetumia blanketi la nyumbani. Baba Ngwenya ameteleza."

MaSibanda aliliweka chini dekio la kijani. Uso wake ulichoka ghafla, na Nomalanga aliona afadhali angepigiwa kelele.

"Leta maji ya moto na sabuni," mama alisema. "Na lile dekio la nyuzi." Akakimbilia mbele. "Ngwenya, kaka yangu, tafadhali usifungue."

Bwana Mafu aliwakuta wakisugua. "MaSibanda, saa ya kufungua imefika. Leo kweli ndiyo siku ya kunifanyia hivi?"

"Sakafu ina nta, bwana. Inateleza. Nikifungua sasa, mzee wa watu atavunjika nyonga."

"Mimi ndiye niliyeipaka," Nomalanga alisema. "Mama alinikataza."

Bwana Mafu alikanyaga kigae ambacho hakijaguswa. Kiatu kikamponyoka, akashika rafu. Alimtazama mama, akamtazama mtoto, kisha akatoka nje kuzungumza na wazee mwenyewe.

"Mnaificha sukari, nini?" sauti ya mzee mmoja ikasikika, na wenzake wakacheka.

Walisugua kwa dekio la nyuzi, wakalikamua, wakabadilisha maji, wakasugua tena. Mwishowe mama akampa Nomalanga dekio bapa la bluu lenye kitambaa kipya, naye akapitisha maji safi tu. Sakafu ilikauka akiitazama, ikabaki nyeupe ya kawaida, isiyo na taa wala anga.

Mlango ukafunguliwa. Yule bibi mwembamba aliingia wa kwanza, akaigonga sakafu kwa fimbo yake, akaona imeshika, akaenda zake kwenye unga bila kutazama chini tena.

"MaSibanda," Bwana Mafu alisema, "nimechelewa kufungua, na sijapenda. Lakini mtu wa kuficha jambo kama hili ndiye ningemwogopa. Kazi ni yako."

Mama alimvuta Nomalanga kando. Macho yake yalikuwa na machozi, ila sauti ilikuwa imara.

"Baraza yetu tunaing'arisha ili watu waitazame. Hapa watu wanakuja kutembea. Kabla hujachagua dekio, jiulize kwanza nani atapita. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo, kabla mtu hajaumia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Haya. Yule mzee kule amemwaga maziwa. Nenda ukachague."

Nomalanga akaenda chumba cha vifaa, akachukua lile la nyuzi.