Darubini Iliyowapa Ndege Mgongo

Ruprecht aligeuza tena darubini yake.

Hakuielekeza bwawani. Kule korongo weupe waliokimbia baridi ya Ulaya walijazana wakidonoa vyura, na ndio waliodaiwa kumleta mzungu huyu mpaka Maswa. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na mgeni mwenye dola hakuulizwa maswali mengi.

Darubini ilitazama mbuga tupu.

Elina Bundala, mpishi wa msafara, alikoroga chai bila kuinua kichwa. Ndani ya kanga alikuwa na bastola aina ya Walther. Ndani ya debe la unga, redio ya Motorola. Upishi wenyewe, tuseme ukweli, ulikuwa wa kubahatisha.

Pembe za faru zilikuwa zimeibwa kwenye ghala la serikali Bariadi. Mtunza ghala, Luhaga, aliyemfundisha Elina upelelezi kabla ya kupewa ghala, alikuwa mahabusu kwa wizi asioufanya. Pembe zikitoka nchini, Luhaga angefia gerezani. Elina alilijua hilo, na lilimuuma.

Mngurumo.

Ndege ndogo aina ya Cessna ilitokea upande wa Serengeti, ikishuka.

Vijana wawili wa Ruprecht wakashusha masanduku ya darubini kutoka kwenye Land Rover huku wakitokwa jasho. Darubini gani nzito hivyo? Elina akachukua debe lake, akajibanza nyuma ya kichaka.

"Simiyu Moja, hapa Mpishi. Mzigo unaondoka."

"Mpishi, gari tulilotuma limekwama kwenye tope nje ya Malampaka. Wazuie."

"Kwa lipi?"

Redio ikakoroma tu.

Bastola moja kwa SMG mbili za wale vijana. Elina hakuwa mjinga.

Akapanda juu ya kichuguu, akapiga mwano.

Mwano ni yowe la Wasukuma la kuitana kumkamata mwizi. Mwanamume akilisikia huacha jembe au chakula, hushika upinde na filimbi, hukimbia. Anayelipiga bure hutozwa ng'ombe. Elina hakuwa hata na mbuzi.

Ruprecht alidhani mpishi anafukuza nyani. Akarudi kwenye masanduku yake.

Filimbi ikajibu kutoka mashamba ya pamba. Kisha nyingine. Cessna ilipogusa ardhi, ng'ombe walikuwa wamemwagika mbugani, na nyuma yao sungusungu, walinzi wa kijiji, na pinde zao. Rubani akakata kona. Tairi likazama kwenye udongo mweusi, propela ikachimba chini na kuvunjika.

Kijana mmoja akainua SMG.

Paa!

Silaha ikamponyoka, akashika bega.

"Hiyo ya bega," Elina alisema. "Inayofuata ni ya kichwa."

Mwenzake akatupa yake.

Masalu, mkuu wa sungusungu, hakutaka habari za Cessna. Alitaka jambo moja.

"Ng'wana wane, mwanangu, nani kaibiwa?"

"Sisi sote, baba."

Elina akapiga teke kifuniko cha sanduku. Pembe. Mzee alizitazama, kisha akaagiza mzungu afungwe kwa kamba ya ng'ombe. Ruprecht akalalamika kwamba yeye ni mtaalamu wa ndege.

"Ungewatazama, basi," Elina alimjibu.

Redio ikaita.

"Mpishi, hali?"

"Mzigo ninao. Mfungulieni Luhaga."

"Mkewe yuko hapa nje ya kituo, analia."

"Mwambie akasonge ugali. Mumewe anakula nyumbani leo."

Akazima redio, akamwachia Masalu mzigo na wafungwa mpaka gari lifike, akafunga kanga upya, akashika njia ya stesheni ya Malampaka. Aliyemtazama kwa nyuma aliona mpishi tu anayekwenda zake.