Kigelegele Katikati ya Ukimya

"Huyu dada umekuja naye?"

"Hapana. Simjui."

Neno lilimtoka fundi lifti kabla hajalipima. Na mchumba wake, mwoka mikate, alikuwa amesimama hapo hapo ubavuni, kiganja bado mdomoni, macho ya ukumbi mzima yakimtazama.

Kosa la mchumba lilikuwa kufurahi. Miaka tisa fundi alisubiri kuiona jukwaani bendi ile aliyoipenda, wanaume watano wa magitaa mazito, wimbo wao mmoja dakika ishirini, unabadili mwendo kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Katikati ya wimbo ule wote hunyamaza ghafla. Mashabiki huhesabu kumi na tatu kimoyomoyo, hata kukohoa hakohoi mtu, ndipo ngoma zirudi. Mchumba hakuambiwa. Alidhani umekwisha. Akamwona mpenzi wake analia kwa raha, naye akapiga kigelegele kirefu cha kumpongeza. Mpiga ngoma akacheka, akaingia vibaya, wimbo ukavurugika.

"Hunijui?" mchumba aliuliza polepole.

Fundi akatazama jukwaani.

Mchumba akachukua mkoba wake, akatoka.

Asubuhi fundi akaandika: "Mpenzi, nilipitiwa. Pokea simu."

Jibu likaja: "Umekosea namba, kaka. Mimi na wewe hatujuani."

Siku ya tatu akajikokota mpaka duka la mikate. Kwenye kaunta alikuwepo shangazi wa mchumba wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mikate mingapi?"

"Sikuja kwa mikate."

"Basi umepotea. Hapa hatuna kingine."

"Mwache apite, shangazi," sauti ikatoka ndani. "Ila asimame mbali na unga."

Alikuwa anakanda, mikono myeupe hadi viwikoni. Hakuinua uso.

"Nisamehe," fundi akasema. "Zile kelele zilinichanganya."

"Kelele zipi? Kulikuwa kimya. Ndiyo maana walinisikia."



"Niliona haya. Wale wenzangu wa muziki ndio wanaoniona mtu. Niliogopa watanicheka."

"Miezi mitatu nasikiliza nyimbo zako huku nakanda, kichwa kinagonga, ili nijue unachokipenda. Jumamosi wazee wako wanakuja kuniposa. Wanamposa nani, mtu usiyemjua?"

Fundi akatoa simu, akaweka sauti ya nje, akampigia yule aliyemuuliza ukumbini, rafiki yake muuza magitaa.

"Yule dada wa kigelegele ni mchumba wangu. Nilimkana. Nilisema uongo."



"Tunajua, fundi. Mlangoni ulikuwa umemshika mkono. Mimi niliuliza ili unikutanishe naye, nimsalimu shemeji."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Tuliona haya kwa niaba yako. Hata mwimbaji alipouliza kwenye maiki, dada yetu yuko wapi, tukakutazama wewe. Ukainama kufunga kamba za viatu."

Simu ikakatwa.

"Hilo la viatu hukunieleza," mwoka mikate akasema.

"Sikuweza."

Machozi yakaanza kumdondoka fundi, mtu mzima yule.

"Sogea huko. Unga huu nimeshautia chumvi."

Akasogea. Mchumba akakanda kidogo, akaacha.

"Wazee wako waje. Lakini kabla hawajafungua mdomo, utaanza wewe. Utasema ulichonifanyia, pamoja na hivyo viatu."

"Mbele ya baba?"

"Mbele ya baba. Na shangazi, ambaye yuko mlangoni anasikiliza."

"Sisikilizi," shangazi akasema kutoka mlangoni.

Jumamosi fundi alisimama katikati ya sebule ya kina mchumba wake, suti ikimbana, akasema yote. Baba yake mzazi alijifunika uso. Mwoka mikate alitazama sakafu, lakini hakuondoka. Alipomaliza, hakuna aliyecheka wala kukohoa. Mama wa binti akainuka, akavuta kiti, akakiweka karibu na mwanawe, akamgeukia fundi.

"Kaa, mwanangu. Umejivua nguo mwenyewe. Sisi kazi yetu ni kukufunika."