Hodi ya Suti Nyekundu

Hodi ilipigwa jua likiwa la utosi, na Hajra akaitikia, "Karibu! Karibu ndani!" bila hata kuinua macho kwenye mbuzi ya nazi. Ndivyo tulivyolelewa watu wa Bagamoyo. Mtu akisema hodi, ulimi hujibu wenyewe. Uso wa mgeni utauona baadaye. Ukichelewa kujibu, watasema mama yako hakukufunza adabu.

Mgeni hakuingia. Hajra alijipangusa mikono kwenye kanga, akaenda mlangoni, akachungulia. Uchochoroni hamkuwa na mtu wala kuku. "Watoto hao," akasema, akarudi zake. Alipopita ukumbini alisikia harufu ya masanduku ya barafu ya soko la samaki, ile baridi iliyolala na magamba, akashangaa, maana siku hiyo alikuwa anapika kunde.

Ukumbini, msumarini, ilining'inia suti mpya ya mumewe. Bangili zake mbili zilikuwa zinagonga ukuta, ko, ko, ko, na upepo haukuwepo.

Suti yenyewe niwaeleze, maana si nguo ya kila siku. Hamidu, mumewe Hajra, ni mzamiaji. Alijifunza kazi kwenye chuo cha uvuvi cha Mbegani, na tangu hapo riziki yake ni kuzama chini ya boti za watu, kukata nyavu zilizonasa kwenye propela. Maisha yake yote alizama na bukta na fulana. Sasa alikuwa amepata kazi Norwei, kwenye vizimba vya samaki, katika bahari ya baridi ambayo ukitia mkono mtupu, ukiutoa unauuliza kama ni wako. Huko mzamiaji huvaa suti kavu: vazi la mpira la mwili mzima, lenye zipu ngumu na ukosi unaobana shingo, ukazama nalo shati lako likabaki kavu kama ulivyolipiga pasi. Mikononi huvaliwa glavu zinazofungwa kwa bangili za plastiki ngumu. Unaikandamiza bangili mpaka ilie ta! Waajiri walimwambia aje na suti yake inayomkaa, na awe ameshaizoea.

Basi Hamidu alikwenda kwa Nasor, mzee mwenye duka la vifaa vya meli vilivyotumika. Nasor alimtandikia suti mbili mezani.

"Hii nyeusi ni nzito," Nasor alisema, "lakini ndani ya mkono ina mpira wa pili unaobana kifundo. Glavu ikitoboka, vidole vitaloa, basi. Hii nyekundu ni nyepesi, lakini huyo aliyezifunga bangili aliikata mipira ya ndani. Haina mlango wa pili. Glavu ikitoboka, maji yatapanda mkono mpaka kifuani. Chukua nyeusi, mwanangu, bangili nitakutafutia."

"Nyeusi inanipwaya tumboni, Ami Nasor. Nyekundu imenikaa kama nimepimwa."

"Hata kaburi hupimwa."

"Ilikuwa ya nani?"

"Vitu vya kontena havina ukoo. Mimi nimeshakwambia."

Akachukua nyekundu. Sikio la kufa halisikii dawa, wala sisemi zaidi.

Asubuhi iliyofuata ile hodi, Hajra alikanyaga maji ukumbini. Yalimchoma unyayo kwa baridi. Aliigusa suti kwa nje, ikawa kavu, hata vumbi la dukani bado lipo. Akatia mkono ndani kupitia zipu. Ndani ilikuwa inatiririka. Alionja kidole: chumvi.

"Hamidu! Hii suti umeizamia lini?"

"Sijaizamia. Kwani vipi?"

"Mbona inalia?"

Hamidu alikuja na mswaki mdomoni, akatazama, akacheka kicheko kisichofika machoni. "Mpira unatoa jasho, mke wangu."

"Jasho la baridi hivi? Lenye chumvi?"

"Usinitie mkosi wa safari, Hajra."

Akaikausha kwa taulo. Ili amwonyeshe mkewe kwamba hana wasiwasi, akaitoa uani kuipima kama haivuji, maana wazamiaji hufanya hivyo: aliziba ukosi kwa chupa kubwa, akaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli kupitia vali ya kifuani, akaipaka povu la sabuni kutafuta tundu. Suti ikavimba, ikalala mkekani nene, na mikono imenyooka na vidole vimetuna. Haikutoa hata povu moja. Hamidu akamtazama mkewe kwa majivuno, akaifungua vali ili upepo utoke.

Upepo ulitoka polepole, mrefu, wenye harufu ya barafu, ukatoka kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kusubiri sana mlangoni pa watu, na mwishoni kabisa, suti ikiwa imeshanywea tumbo na miguu, pumzi ile ilikusanyika ikawa neno, na wote wawili wakalisikia.

"Hodi."

Hajra aliuma kanga. Safari hii hakujibu. Suti yote ilikuwa imelala bapa mkekani, isipokuwa glavu ya kulia, ambayo ilibaki imejaa, na vidole vyake vikakunjika kimoja kimoja.

"Ni upepo umebaki," Hamidu alinong'ona.

"Wewe unaamini?"

Ungedhani hapo mtu angeitia moto nguo ile. Lakini Hamidu alikuwa ameshaaga mtaa mzima, ameshajiona huko mbele, na mwanamume akishatangaza safari, aibu ya kurudi humwogopesha kuliko jini. Akaichukua suti, akaenda nayo ufukweni Mbegani kuijaribu, na Hajra akamfuata nyuma akisoma Ayatul Kursiy.

Alizama pasipo kina, maji ya kifua. Bahari yetu mnaijua, wakati wa joto hata haikupozi. Hajra alisimama mchangani akiliangalia povu la pumzi zake, na povu likawa linakuja vizuri, kisha likaja la haraka haraka, kisha likakoma, naye akaanza kuingia majini na nguo zake, akipiga kelele jina la mumewe, na alipofika maji ya kiuno Hamidu akaibuka mbele yake na macho yamemtoka, akiivuta glavu ya kulia kwa meno kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa umeshaishiwa nguvu kwa kuing'ang'ania, na bangili ilipoachia, yakamwagika maji ya baridi ambayo hayakuwa ya bahari hii.

"Kuna mkono humo," alisema, meno yakigongana. "Mtu alinipa mkono, Hajra. Kama anayenisalimia. Halafu hauniachi."

Kiganja chake kilikuwa cheupe. Katikati ya vidole vyake kulikuwa na alama za vidole vingine.

Baridi ile haikutoka. Walimfunika blanketi, wakamkanda kwa maji ya moto, lakini mkono ulibaki wa maiti. Kesho yake baridi ilikuwa imefika kiwikoni. Hapo Hajra akayakumbuka maneno ya Nasor aliyosimuliwa na mumewe, kwamba maji yatapanda mkono mpaka kifuani, akaelewa kwamba mumewe bado amevaa suti ile hata kama iko msumarini, na kwamba baridi ikifika kifuani yeye ni mjane. Hakuvaa hata viatu. Alikimbilia kwa shangazi yake, Bi Zuleha, mganga wa majini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona miguu mitupu?"

Hajra alimweleza yote. Bi Zuleha hakuuliza nani adui yao, wala hakuwasha ubani.

"Nani alimkaribisha?" aliuliza.

"Hakuna aliyemkaribisha, shangazi!"

"Fikiri. Hodi ya kwanza."

Hajra akaiona tena ile mbuzi ya nazi, na mlango, na uchochoro mtupu. Ndipo alipotambua jambo lililomfanya akae chini. Hodi ile haikuwa imetoka mlangoni. Ilitoka nyuma yake, ukumbini, na yeye akaijibu. "Mimi," alisema, akaanza kulia. "Nilisema karibu. Mara mbili. Nimemuua mume wangu, shangazi."

"Nyamaza kwanza. Hajafa. Kisomo kitamtuliza, hakitamtoa. Atasema mmeniita wenyewe. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi. Lakini wazee walisemaje? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo ni wa maji. Jembe ni kazi ya nchi kavu, atalichukia. Njooni ufukweni mchana huu huu. Na nisikilize: akiondoka, usimwambie karibu tena. Najua ulimi wako."

Maji yalikuwa yametoka, tope limebaki wazi. Waliilaza suti nyekundu chali, na Hajra akaufunga mpini wa jembe kwenye glavu ya kulia kwa kamba ya mnazi. Hamidu alikuwa ameketi kando, blanketi mabegani, midomo ya bluu, maana sasa baridi ilikuwa begani. Hajra alisema kama alivyofundishwa: "Mgeni wetu, siku zako za kukaa zimekwisha. Jembe hili hapa, shamba lile kule. Anayekula kwetu hulima."

Halafu wakasubiri, na maji yakaanza kujaa, yakaigusa miguu ya suti, na suti ikaanza kuvimba pasipo pampu, miguu kwanza, kisha tumbo, kisha kifua, ikainuka ikakaa kitako kama mgonjwa anayetaka uji, na mkono wa kulia ukalipandisha jembe juu ukalishusha, chwa! topeni, ukalipandisha tena ukalishusha, chwa! na kila lilipopiga, pua zao zilijaa harufu ya barafu, mpaka kamba ikakatika, jembe likabaki limesimama, na suti ikageuka ikaelekea maji makuu, kichwa haina, ikitembea.

Hajra aliuma ulimi wake mpaka ukatoa damu.

Ni Hamidu aliyesema. Joto lilikuwa limeanza kumrudia begani, machozi ya furaha yanamtoka, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kumwona mgeni anaondoka akakaa kimya. "Haya," alisema, "tangulia."

Bi Zuleha aligeuka. "Nani kasema tangulia?"

"Mimi, shangazi. Ni adabu tu."

"Adabu! Anayeambiwa atangulie huambiwa na mtu anayemfuata. Basi hiyo safari yako iache."

Hapo pakazuka ugomvi, nao ulidumu mpaka mkono wa Hamidu ukapona kabisa. Alirudi kwa Nasor akachukua ile nyeusi, na Nasor akamfungia bangili kwenye mikono ya suti bila kuikata mipira ya ndani. Hajra aliikagua mwenyewe. Alitia ngumi kwenye ule mpira wa kifundo, ukambana akaridhika, akasema heri hii ina mlango wa pili. Mapenzi humfanya mtu aridhike na kidogo.

"Mpira unazuia maji," Bi Zuleha alisema siku ya kuaga. "Hauzuii neno karibu. Usiitike hodi kabla hujaona uso, Hamidu. Niahidi."

Hamidu alicheka, safari hii mpaka machoni. "Nakuahidi, shangazi. Lakini Norwei nani atanipigia hodi? Wale wanagonga mlango tu, hata neno lenyewe hawalijui."

Na kweli. Alipofika huko alipiga simu kila siku akilalamika upweke. Watu wazuri, alisema, ila hakuna anayekusalimia, na yeye hajasikia Kiswahili ila cha kwenye simu. Hajra alikuwa akimwimbia hata nyimbo za harusi ili acheke.

Siku ya kuzama kwa mara ya kwanza alimpigia akiwa kwenye kibanda cha kuvalia, simu ameiweka benchi. Huku Bagamoyo jua lilikuwa la utosi, na Hajra alikuwa anakuna nazi.

"Nimeshavaa," Hamidu alisema. "Zipu nimeipaka nta. Glavu ya kushoto hii." Hajra akaisikia bangili: ta! "Imebaki ya kulia. Ukiniona utacheka, nimekuwa kama gunia."

"Mkono unahisi vipi?"

"Wa moto, mke wangu, usiwe na—"

"Hodi," ilisema sauti.

"Karibu! Karibu ndani!" Hamidu aliitikia kwa furaha kubwa, furaha ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kwao. "Hajra, umesikia? Kumbe kuna Mswahili mwenzetu huku!"

Mbuzi ya nazi ilianguka. "Hamidu, usifungue! Hamidu, umeahidi!"

"Ah, ulimi tu, sikuku... ngoja." Hajra akasikia hatua zake zikienda mlangoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, akinong'ona kama mtoto, "Mlango uko wazi, Hajra. Nje hakuna mtu, kuna theluji tupu, haina hata nyayo. Hodi haikutoka nje. Imetoka huku kwenye mkono wangu, na sijaivaa ile glavu, Hajra, iko benchi hapa karibu na simu, naiona, nayo inavimba, na kifundoni nahisi kuna kitu kinapita chini ya mpira, kinapita taratibu kama mtu anayevua viatu kwanza—"

Ta!

Hajra aliita mpaka sauti ikamkauka. Simu ilikuwa bado hewani. Alisikia maji yakidondoka sakafuni, tone kwa tone, na ukumbini kwake, hapa hapa Bagamoyo, ikapanda harufu ya barafu. Kisha mtu akaisogelea simu, akashusha pumzi ndefu, na akamsemesha kwa Kiswahili safi cha kwetu.

"Ahsante, mwenyeji wangu. Nilitangulia, naye amefika."