Kona ya Tano

"Hivi hiyo miguu yako, jirani, ni ya binadamu au ya ng'ombe?"

Mama Pindo, fundi cherehani wa nyumba ya chini, alisimama kwenye ngazi, mkono kiunoni, pini nne zimechomekwa kifuani. "Kila jioni du! du! du! juu ya kichwa changu! Nakata gauni la watu, mkasi unaruka kama panzi!"

"Nisamehe, mwenzangu," shangazi yake Chiriku akajibu kutoka juu, ingawa sauti yake haikuwa ya mwomba msamaha. "Jumamosi nina mashindano. Nikikanyaga breki, nakanyaga kwelikweli."

"Breki ya wapi? Umekaa kwenye kiti cha jikoni!"

Majirani waliokwisha kutoa vichwa milangoni wakaangua kicheko. Chiriku naye akacheka. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliishi hapo na shangazi yake, dereva wa magari ya mashindano.

Watu walidhani kazi ya shangazi ni kukaa tu na kukanyaga mafuta. Hawakumwona alfajiri akipanda ngazi hizo mara arobaini, amevaa koti zito ili auzoee joto la ndani ya gari. Hawakumwona amelala kichwa kikining'inia kitandani, amevaa kofia ngumu, akikiinua na kukishusha mpaka mishipa ya shingo imtune kama kamba. "Kwenye kona, gari linakivuta kichwa kana kwamba linataka kuondoka nacho," alikuwa akisema.

Lakini zoezi gumu kuliko yote lilikuwa la kitini. Shangazi alifumba macho, akashika kifuniko cha sufuria kama usukani, kisha akaendesha mzunguko mzima wa uwanja kichwani, kona moja baada ya nyingine, akikanyaga sakafu kila penye breki. Chiriku alishika saa. Siku ya majaribio uwanjani, shangazi alitumia dakika moja na sekunde arobaini na mbili. Mzunguko wa kichwani nao ulipaswa kutumia muda uleule.

"Na nimehesabu!" Mama Pindo aliendelea kuwaka. "Mwanzoni vilikuwa vishindo tisa kila mara. Tangu Alhamisi iliyopita ni vinane. Nikasema heri, ameanza kutuhurumia. Kumbe wapi!"

Shangazi akashuka ngazi moja. "Umesema vinane?"

"Vinane. Mimi nahesabu vifungo tangu ujana wangu, sikosei."

"Uwanja ule una kona tisa za breki." Shangazi akageuka taratibu. "Chiriku, nikiruka kona moja, saa inapungua sekunde tano au sita. Wewe umenitajia moja arobaini na mbili kila siku. Saa ilisemaje?"

Tangu hiyo Alhamisi Chiriku alikuwa akibonyeza saa, kisha anakimbilia dirishani kupiga soga na binti wa Mama Pindo: nani kagombana na nani, nani kanyimwa nafasi kwenye timu. Vishindo vikikoma, alirudi mbio na kuitaja nambari ileile. Jumatatu hata saa hakuibonyeza. Shangazi alitabasamu vizuri mno kila alipoisikia.

"Labda... labda saa imeharibika," alisema.

"Saa!" Mama Pindo akadakia. "Saa imeharibika, au ulikuwa dirishani na binti yangu mkimsengenya mwalimu wenu?"

Hakuna aliyecheka. Binti wa Mama Pindo aliangalia vidole vyake vya miguu. Masikio ya Chiriku yaliwaka moto.

"Sikupima, shangazi. Nilibuni tu."

Laiti angegombezwa! Shangazi aliketi kwenye ngazi, akaishika shingo yake.

"Ni kona ya tano," alisema kwa sauti ndogo. "Pale niliposerereka siku ya majaribio. Kichwa changu kinaiogopa, kimeiruka kimyakimya. Jumamosi ningeifikia kwa kasi kama mtu asiyewahi kuiona."

"Jamani!" Mama Pindo akanong'ona, hasira zote zimemtoka.

Jioni hiyo dirisha lilifungwa. Chiriku aliitazama saa bila kupepesa. "Moja thelathini na sita," alitamka polepole. Shangazi akakunja uso, akaanza upya. Walirudia mara kumi na moja. Kesho yake vilevile. Ijumaa, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, saa yenyewe ilionyesha moja arobaini na mbili.

Jumamosi shangazi alimaliza wa nne, gari lake halina hata mkwaruzo. Kabla usiku haujaingia, jengo zima lilikwisha kujazana kwa Mama Pindo. "Yuko wapi mpima muda wetu?" watu waliulizana. Mpima muda alikuwa amejikunyata nje kwenye ngazi. Kila sifa ilimchoma.

Shangazi akatoka, akaketi kando yake.

"Mimi nikifumba macho sijioni," alisema. "Ndiyo maana namhitaji mtu wa kuniambia ukweli, hata kama hautanifurahisha. Nambari yako tamu ingenitoa roho. Ile chungu imenirudisha nyumbani. Ukipewa kazi inayoonekana ndogo, mwanangu, usiipime kwa udogo wake. Hujui ni uhai wa nani umeegemea hapo."

"Bado unaniamini?"

"Kidogo. Siwezi kukudanganya." Akamshika bega. "Uaminifu nao una mazoezi yake. Jumatatu tunaanza."

Chiriku akaitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa shati.

Mlango ukafunguliwa, kelele na harufu ya mapishi vikamwagika nje. Mama Pindo alishika mwiko.

"Nyie wawili mmekaa ngazini kama wapangaji waliofukuzwa! Chiriku, inuka mwanangu. Nimekwisha kukupakulia, na humu ndani kuna watu wana mikono mirefu. Karibu ndani, uje ule."